Kuiga, Kufuata na Kurithi: Imani ya Msanii na Kazi Yake katika Mfano wa Elimo Njau

1. Suala Lenyewe

Miongoni mwa mazoezi ambayo mwanafunzi wa sanaa hupewa na walimu wake, hapana lililo jepesi kulitoa na gumu kulifanya kama lile la kutakiwa aeleze imani zake na athari zilizomfinyanga. Huambiwa aseme ni nini anachokiamini, ni nani waliomfunza, na ni mambo gani ya maisha yake yaliyomwelekeza kwenye michoro, vinyago au tungo zake. Aghalabu huandika kurasa kadhaa, akamtaja mama yake, kijiji chake, dini yake na vitabu viwili vitatu alivyovisoma. Kisha mwalimu huyachukua maelezo hayo na kuyafanya ufunguo wa kuifungulia kazi. Ikiwa mwanafunzi amesema kwamba anaamini umoja wa watu, basi kila watu wawili waliosimama pamoja katika picha yake huwa ni umoja. Ikiwa amesema kwamba hakumwiga mtu, hapana anayejishughulisha kuuliza.

Desturi hii si ya idara za uchoraji peke yake. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili pia imekuwa ni kawaida kuanza na wasifu wa mwandishi, kutoka hapo kuipata ile iitwayo falsafa yake, na mwisho kuyasoma maandishi yake kwa nia ya kuithibitisha falsafa iliyokwisha kupatikana. Uhakiki wa namna hii huishia pale pale ulipoanzia. Hata hivyo, dawa yake si kuyatupa maneno ya msanii kana kwamba hayana maana. Msanii anapoitamka imani yake ametenda tendo, na tendo hilo lina historia yake, lugha yake na shabaha yake. Linalotakiwa ni kuyasoma matamshi hayo kama matini, kwa uangalifu ule ule unaotumiwa katika kulisoma shairi, kisha kuyapima mbele ya kazi yenyewe.

Makala haya yamekusudiwa kufanya hivyo kwa mfano wa Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka wa 1932, akasomea uchoraji Makerere katika miaka ya 1950, kisha akafanya kazi kwa muda mrefu mjini Nairobi. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, Njau ni mmoja wa wasanii wachache wa Afrika Mashariki walioitamka imani yao kwa maneno machache yakakumbukwa. Pili, kazi yake kubwa ya ujana imo ukutani, mahali palipo wazi kwa watu. Tatu, sehemu ya imani hiyo ameitia katika jina la Kiswahili. Kwa hiyo wataalamu wa lugha wana haki, na pengine wajibu, wa kulisemea.

2. Mwalimu na Neno

Haiwezekani kumzungumzia mwanafunzi wa Makerere wa miaka hiyo bila ya kumtaja Margaret Trowell. Mwalimu huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1904 na kusomea London, alifika Uganda mwaka wa 1935 pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa daktari. Alianza kufundisha uchoraji barazani pa nyumba yake, na mafunzo hayo ndiyo yaliyokua yakawa shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London katika Imperial Institute. Alistaafu mwaka wa 1958, na baadaye shule ikaitwa kwa jina lake.

Njia yake ya kufundisha inawahusu wanalugha moja kwa moja. Trowell alikuwa amefunzwa na Marion Richardson, mwalimu Mwingereza ambaye aliwaeleza wanafunzi jambo kwa maneno, wakalitazama kwa jicho la ndani, kisha wakalichora. Trowell aliichukua njia hiyo akaja nayo Afrika Mashariki. Hakuufanya unakili wa picha za Ulaya kuwa msingi wa somo. Alisimulia kisa au alieleza tukio, na kila mwanafunzi akachora alichokiona moyoni mwake. Kwa maneno mengine, katika shule hiyo picha ilizaliwa na simulizi, na mwalimu alikuwa kwanza msimulizi kabla ya kuwa mchoraji.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kwamba mwanafunzi aliyetoka katika jamii yenye hadithi za jioni hakuliona zoezi hilo kuwa geni kabisa. Kusikiliza na kuona ni kazi aliyokwisha kuizoea kabla ya kukanyaga darasani. La pili lina uzito zaidi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa njia hii alifunzwa kutoiga. Agizo la kuchora kinachotoka ndani, na kuiacha picha ya mtu mwingine, lilikuwa ndilo somo lenyewe. Basi anapotokea mwanafunzi wa shule hiyo akatangaza kwamba msanii asiige, mhakiki hana budi kutambua kwamba tangazo hilo, japokuwa limetamkwa kwa sauti yake mwenyewe, lina mwalimu nyuma yake.

Kusema hivyo si kumshusha Njau hadhi. Imani iliyopokewa si lazima iwe imani ya uwongo. Mtoto hufuata kisogo cha nina, na hapana anayesema kwamba miguu si yake. Lakini ni dhahiri kwamba swali la kumwuliza msanii wa namna hii si kama ameathiriwa au hakuathiriwa. Swali ni hili: alichokipokea amekifanyia nini?

3. Mungu Aliyelazwa Usingizi

Imani ya Njau iliyo maarufu kuliko zote ni ile isemayo kwamba msanii asiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Maneno haya aliyatamka kwa Kiingereza, na yamerudiwa mara nyingi na wale walioandika juu ya sanaa ya Kenya. Yakitiwa katika Kiswahili huonyesha mambo ambayo katika Kiingereza hupita bila kushtua.

Kwanza, ni maneno ya kuthubutu. Msemaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, amelelewa katika mafundisho kwamba Mungu hana usingizi wala kusinzia. Mafundisho hayo yamo katika Kurani na yamo katika Zaburi. Anayesema kwamba kitendo cha mwanadamu chaweza kumlaza Mungu amesema jambo ambalo kwa dhahiri yake ni karibu na kufuru. Kwa kuwa Njau ni mtu aliyeipa dini nafasi kubwa katika kazi zake, haiyumkiniki kwamba alikusudia dhahiri hiyo. Hapana budi maneno yachukuliwe kuwa ni sitiari: anayelala ni yule Mungu aliye ndani ya mtu, yaani ule uwezo wa kuumba ambao Muumba amemshirikisha kiumbe wake. Kiswahili kinaikubali tafsiri hii kwa wepesi, maana neno kuumba hutumiwa kwa Mungu, na mfinyanzi naye huumba chungu chake.

Hapa ndipo inapoonekana hatua ambayo mwanafunzi ameipiga mbele ya mwalimu. Kwa Trowell, kutoiga kulikuwa ni njia ya kufundishia: mwanafunzi asiyeiga huchora vizuri zaidi. Kwa Njau kumekuwa ni amri ya dini: anayeiga ametenda dhambi dhidi ya kile alichopewa. Njia ya darasani imegeuzwa kuwa suala la dhamiri. Badiliko hilo halikutoka kwa mwalimu. Limetoka katika malezi ya mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako kanisa la Kilutheri lilikuwa na mizizi, na ambako kuitika wito lilikuwa ni jambo zito.

Pili, neno kuiga lenyewe linataka kuchunguzwa. Katika matumizi ya kila siku lina lawama. Methali humwonya anayemwiga tembo kwamba atapasuka msamba. Hata hivyo, kutokana na mzizi huo huo Kiswahili kimepata kuigiza, mwigizaji na maigizo, na hayo ni majina ya sanaa yenye heshima. Ikiwa kila kuiga ni kumlaza Mungu, basi jukwaani hapana aliye macho. Ni wazi kwamba lugha inajua kuiga kwa namna mbili: kule kunakochukua sura ya nje kwa sababu mtu hana yake, na kule kunakochukua sura ya nje ili kuonyesha jambo ambalo lisingeonekana kwa njia nyingine. Tamko la Njau, kwa ufupi wake, halizitengi namna hizi mbili.

Tena, lugha ina maneno mengine yanayokaa karibu na kuiga bila ya kuwa sawa nalo. Kufuata ni kwenda katika njia iliyofunguliwa na mwingine, na heshima yake hutegemea njia yenyewe. Kurithi ni kupokea kilicho haki yako kwa sababu ya nasaba; ndiyo maana husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kuathiriwa, nako, ni kubaki na alama. Athari katika asili yake ya Kiarabu ni ile alama inayobaki, kama ya unyayo mchangani, na katika Kiswahili hutumika mara kwa mara kwa alama ya madhara. Mwanafunzi anayeulizwa juu ya athari zake huulizwa, bila ya mwuliza kujua, ni nani waliomkanyaga. Haishangazi kwamba wengi hujibu kwa kujitetea.

Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yanaitilia nguvu tofauti hii. Mtunzi wa utenzi alianza kwa kumtaja Mungu, akaomba wino, karatasi na kalamu, kama walivyofanya waliomtangulia. Hakuna aliyemwita mwigaji. Katika majibizano, mshairi anayejibu aghalabu huchukua bahari na vina vya mwenziwe, na sifa yake hutokana na kusema jambo jipya ndani ya kifungo hicho. Kwa upande mwingine, ule mjadala mkali wa miaka ya 1970 juu ya mashairi yasiyo na vina, uliochochewa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) na Malenga wa Bara ya Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi (1976), ulijaa shutuma ya kuiga. Wanamapokeo walisema kwamba vijana wa vyuo wanawaiga Wazungu. Wanamabadiliko wakajibu kwamba baadhi ya kanuni zinazotetewa kama asili nazo zilikuja kwa kukutana na Waarabu. Kila upande ulimwona mwenziwe kuwa ndiye mwiga tembo. Mjadala ule ungalipoa mapema kama wahusika wangaliyatenga maneno haya: kuiga, kufuata na kurithi.

4. Kuta za Murang'a

Imani ikishafahamika, hapana budi ipelekwe mbele ya kazi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, Njau alichora picha tano kubwa katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall na wakoloni. Picha hizo zinaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, mateso ya Gethsemane na kusulubiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika, na nchi iliyo nyuma yao ni ile ya milima na mabonde ya Wagikuyu.

Mtu aliyekwisha kusikia kwamba mchoraji huyu hakubali kuiga huweza kuzitazama picha hizi na kuridhika mara moja: Yesu Mzungu wa picha za misheni ameondoka, Yesu Mwafrika ameingia. Lakini mhakiki asiridhike upesi hivyo. Matukio matano yaliyochaguliwa si ya Njau. Ni katika matukio ambayo wachoraji wa makanisa wameyarudia kwa karne nyingi, kiasi kwamba mtazamaji huyajua kabla ya kuyaona. Kichanga na mama yake, mtu aliye majini, meza na wafuasi, mtu anayeomba peke yake usiku, msalaba: huu ni mpangilio uliopokewa. Kama kuiga ni kuchukua kilichokwisha kufanywa, basi picha hizi zimeiga. Kama si hivyo, basi yahitajika neno jingine, na neno hilo ni kurithi. Njau amerithi visa, na ndani ya urithi huo amefanya uamuzi wake: sura, miili, mavazi, mimea, mwanga wa nchi.

Kwa hiyo, kazi yenyewe inaisahihisha imani iliyotamkwa. Haiikanushi, inaonyesha mpaka wake. Msanii aliyesema kwamba asiige alikuwa tayari kukipokea kisa kizima bila kukibadilisha, kwa sababu aliamini kwamba kisa hicho ni chake kwa haki ya imani. Hakujihisi kuwa mgeni anayeazima. Alijihisi kuwa mrithi. Na mrithi aweza kuipanga upya nyumba ya babaye ambapo mwigaji huogopa hata kukisogeza kiti.

Liko jambo jingine ambalo imani ya msanii haikulitaja, lakini ambalo kazi haiwezi kulikwepa. Kanisa la Murang'a lilijengwa kama ukumbusho wa Wakristo Wagikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury, wakati hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Ilikuja kuondolewa rasmi Januari 1960. Basi picha hizi zilichorwa katika nchi iliyokuwa na kambi za kizuizini na vijiji vya kulazimishwa, juu ya kuta za nyumba iliyowakumbuka wafu wa upande mmoja.

Katika mahali kama hapo, hata rangi ya ngozi ya Yesu inakuwa ni tamko. Mtazamaji aliyempoteza ndugu kwa sababu alikataa kula kiapo angeweza kumwona katika msalaba ule shahidi wa imani aliyeuawa na watu wake. Mtazamaji ambaye ndugu yake alifungwa au kunyongwa na serikali angeweza kuuona msalaba ule ule na kumkumbuka Mwafrika aliyeuawa na dola ya kigeni, kwani kisa chenyewe ni cha mtu aliyehukumiwa na liwali wa Kirumi. Picha haichagui kati ya watazamaji hawa wawili. Pengine mchoraji alikusudia upatanisho. Pengine aliongozwa tu na kisa. Maneno yake juu ya kuiga hayatusaidii kuamua, na hapo ndipo udhaifu wa kuitegemea imani iliyotamkwa unapodhihirika. Imani ya mtu binafsi huzungumza juu ya mtu na Mungu wake. Ukuta huzungumza juu ya watu na watu.

Wahakiki wenye mwelekeo wa kijamii wangeweza kusema kwamba Njau, kwa kuukubali ukuta ule, aliukubali pia upande wake. Hoja hii ina nguvu, lakini ni ya haraka. Ingekuwa sahihi kama picha zingemwonyesha Yesu wa watawala. Zinamwonyesha Yesu aliye na sura ya wakulima wa Murang'a, ambao jamaa zao walikuwa pande zote mbili za vita. Kazi imekuwa pana kuliko nyumba iliyoibeba. Hata hivyo, upana huo hautokani na msanii kutangaza kwamba haigi. Unatokana na kumweka mrithi wa kisa ndani ya nchi yenye jeraha bichi.

5. Mlima Mmoja, Wachoraji Wawili

Ili kupima zaidi uhusiano wa athari na kazi, inafaa kumtazama Sam Ntiro. Huyu alizaliwa mwaka wa 1923 huko Machame, kwenye mlima ule ule wa Kilimanjaro. Alisoma Makerere chini ya Trowell yule yule, akafundisha huko, na katika miaka ya 1950 akaenda Slade, shule mashuhuri ya sanaa mjini London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961 alikuwa Balozi wake huko London. Alifariki mwaka wa 1993.

Kama wasifu ungekuwa ufunguo wa kazi, mtu angetarajia kwamba miaka ya London ingeonekana waziwazi katika picha za Ntiro. Haionekani sana. Aliendelea kuchora watu wengi wadogo wadogo wasio na nyuso za pekee, wakilima, wakivuna, wakienda harusini. Picha yake ya mwaka wa 1956, inayowaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku, imo katika hazina ya Museum of Modern Art huko New York. Mtu aliyekulia uchaggani hahitaji kuelezwa uzito wa mbege katika mambo ya ndoa, na picha haimwelezi. Inakichukulia kijiji kama kitu kinachojulikana.

Hapa tofauti ya wanafunzi hawa wawili wa mwalimu mmoja inakuwa na manufaa. Ntiro hakupata kujulikana kwa tamko kali la imani kama lile la Njau, lakini kazi yake ina imani iliyo imara: kwamba maisha ya pamoja ya kijijini yanatosha kuwa maudhui ya sanaa. Alilirudia jambo hilo mara nyingi hata baadhi ya watu wakamwona kuwa anajirudia. Njau alitamka imani, na kazi yake ikajaa mvutano kati ya kilichopokewa na kilichobadilishwa. Anayeitafuta imani ya msanii katika maelezo yake peke yake angemwona Njau tu. Ntiro angempita bila kumwona, ilhali athari ya nyumbani ni nzito zaidi kwake kuliko athari ya shule zote mbili alizosoma.

Lipo funzo hapa kwa mwalimu. Shule iliyo kubwa katika cheti yaweza kuwa ndogo katika kazi, na jambo ambalo mwanafunzi hakulitaja, kwa sababu analiona kuwa la kawaida mno, laweza kuwa ndilo linaloshika nguzo. Maelezo ya mwanafunzi yana ukimya wake, na ukimya huo nao unasomeka.

6. Paa ya Paa

Mwaka wa 1965 Njau pamoja na wenzake walianzisha mjini Nairobi kituo cha sanaa kilichoitwa Paa ya Paa. Baadaye kituo hicho kilihamia Ridgeways, pembezoni mwa mji, ambako mwaka wa 1997 kiliunguzwa na moto uliopoteza kazi nyingi, kisha kikainuliwa tena. Historia ya kituo hicho ni ndefu. Makala haya yanahusika na jina tu, kwa kuwa jina hilo ndilo tamko la imani la pili la msanii huyu, na safari hii alilitoa kwa Kiswahili.

Maana ambayo imezoeleka kutolewa ni kwamba paa, yule mnyama mdogo wa porini, anapaa. Kisarufi, maana hiyo ingetaka kuandikwa paa yapaa, neno la pili likiwa ni kitenzi chenye kiambishi cha ngeli ya mnyama kwa matumizi ya zamani na ya kishairi. Katika Kiswahili sanifu, ambacho huwapatanisha wanyama na ngeli ya watu, ingekuwa paa apaa. Kwa kuandikwa kwa maneno matatu, jina limepata umbo jingine: ya yaweza kusomwa kama kiunganishi cha umilikaji, na jina zima likawa paa ya paa, kitu cha kitu. Mwanasarufi mkali angeweza kusema kwamba jina limekosewa. Msomaji wa mashairi angesema kwamba jina limefunguliwa.

Maana haziishii hapo. Paa pia ni sehemu ya juu ya nyumba, na kituo cha sanaa ni nyumba inayotafuta paa la kuwasitiri watu wake. Kupaa ni kwenda juu, kama ndege apaavyo, na katika lugha ya Wakristo ni kwenda mbinguni kwa Yesu baada ya kufufuka. Tena, jikoni, kupaa samaki ni kumwondoa magamba. Neno moja limebeba mnyama, nyumba, mwendo na kisu. Mtunzi wa jina hakuhitaji kuzikusudia zote. Ilitosha kwamba alichagua neno ambalo lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kulifanyia kazi.

Ikikumbukwa kwamba picha za Murang'a huishia msalabani, jina hili linapata uzito usiotarajiwa. Katika kuta zile hapana ufufuko wala kupaa. Kisa kimeachwa katika saa yake ya giza, katika nchi iliyokuwa gizani. Miaka michache baadaye, Kenya ikiwa huru tangu Desemba 1963, mchoraji yule yule analipa jengo jina lenye kitenzi kile kile ambacho kuta zake zilikuwa hazikukisema. Ingekuwa ni kuvuka mpaka kudai kwamba aliyapanga mambo haya. Linaloweza kusemwa ni kwamba imani inayofungamana na kupanda juu imehama kutoka kanisani ikaingia mjini, na imebadili mhusika: aliyepaa sasa ni mnyama wa porini, mdogo, mwenye mbio, asiye wa dini fulani, ambaye kila mtu wa Afrika Mashariki aweza kumdai.

Na hapa ndipo mtu aliyekataza kuiga alipofanya jambo lililo la asili kabisa. Kucheza na maneno yenye sauti moja na maana nyingi ni mchezo wa kale wa washairi wa pwani. Njau, mtu wa bara, mwenye Kichaga cha nyumbani na Kiingereza cha chuoni, aliingia katika mchezo huo kwa jina moja tu, na akaucheza vema. Hakuwaiga malenga. Alikuwa amerithi lugha yao, kama walivyoirithi mamilioni wasiozaliwa pwani.

7. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba tamko la msanii juu ya imani yake laweza kuwa la kweli na bado lisitosheleze. Tamko la Njau juu ya kuiga ni la kweli kwa maana kwamba liliongoza maisha ya kazi. Halitoshelezi kwa sababu halikumtaja mwalimu aliyelipanda, halikuutenga urithi na wizi, na halikuwa na neno juu ya ukuta ambao historia iliuweka mbele ya brashi yake. Mambo hayo yote matatu yalipatikana kwa kuitazama kazi na lugha.

Kwa walimu wa sanaa na wa fasihi, matokeo yake ni ya kivitendo. Mwanafunzi anapotakiwa aeleze yaliyomjenga, asiachwe na swali moja la jumla juu ya athari, ambalo humfanya ajitetee au ajisifu. Aulizwe amerithi nini, na kwa haki gani anakiita chake. Aulizwe amemfuata nani, na ni mahali gani alipoiacha njia ya huyo. Aulizwe ameiga nini, na ajibu bila aibu, kwa kuwa uanafunzi usio na kuiga haujapata kuonekana. Mwisho, aulizwe kazi yake itatundikwa wapi, na ni nani watakaopita mbele yake.

Maswali hayo yaulizwe kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Makerere wa miaka ya 1950 walizitamka imani zao kwa lugha ya mitihani yao, na ufupi wa lugha ya kuazima uliwasaidia kupata maneno makali yanayokumbukwa, lakini uliwaficha tofauti ambazo lugha za nyumbani ziliwawekea tayari. Vyuo vya Afrika Mashariki vingali vikiwataka wanafunzi wengi wa sanaa wajieleze kwa Kiingereza. Idara za lugha za Kiafrika zimefanya mengi kuhusu fani na maudhui ya maandishi. Msamiati wa kuzisemea picha na vinyago zimeuacha nyuma, na hiyo ni kazi inayowangoja wanalugha wenyewe. Maneno ya kuianzia yamo tayari katika methali na katika tungo, na moja limo katika jina la nyumba ya picha huko Nairobi.